Kadi ya Kyai Bolong

Jumatatu, 1 Julai

Barua imefika. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, ufagio mkononi. Watu wa mambo ya kale wanakuja tarehe 24, na wanakuja na gari. Kila kitu cha ibada kilichomo kwenye ukumbi wetu kitahamishiwa mjini, kwenye jumba kubwa lenye vioo na walinzi. Vyombo vya nyumbani vitabaki hapa. Basi. Mistari minne na muhuri.

Kitu cha ibada tulicho nacho ni kimoja tu. Kyai Bolong!

Mimi ndiye mtunzaji wa ukumbi. Nafagia, nafungua kufuli saa mbili asubuhi, nawafokea watoto wa shule wasiguse. Miaka kumi na moja sasa. Najua watu wanafuata nini hapa. Nani atapanda pikipiki toka Mojokerto aje kutazama matofali na vigae vilivyovunjika? Wanamfuata Kyai. Bakuli la udongo mwekundu, matundu tele kwenye kitako, masikio mawili pembeni — ndiyo maana anaitwa Bolong, mwenye matundu. Wanamwekea maua. Wanaomba kazi, wanaomba mtoto, wanaomba kufaulu mtihani. Akiondoka yeye, ukumbi utafungwa kabla ya mwaka kwisha, na kijiji kitabaki na vumbi la matofali.

Pak Sarkowi, mkuu wa kitongoji, kwanza alifurahi. Si niliwaambia ni kitu kitakatifu? Hata serikali imekubali! Nikamwambia, soma hadi mwisho, Pak. Akasoma. Akakaa chini. Lakini kitu kitakatifu hakihamishwi, akasema. Nikamwambia wao wanasema kwa kuwa ni kitakatifu ndiyo kinahamishwa. Akawasha sigara yake ya karafuu kwa upande wa kichungi.

Na kadi iliyo mbele ya Kyai, ile inayosema "Chombo cha ibada" — mwandiko ni wangu.

Jumanne, 2 Julai

Mtaalamu amefika. Bu Hapsari. Ni daktari wa mambo ya kale, umri wake thelathini na ushei, kofia kubwa, viatu vya matope. Atalala kwa jirani yangu Bu Marfuah mpaka gari lije. Kazi yake ni kukagua kila kitu na kadi yake.

Leo kutwa nzima ni maneno kwa maneno! Ana fomu, na kila kitu lazima kiwe na neno lake. Magofu. Mabaki. Kifaa. Chombo. Kipande. Alama. Mimi nilidhani yote hayo ni kusema "vitu vya zamani" tu. Wapi! Ukuta uliovunjika ukiwa bado umesimama ni magofu. Ukiporomoka ukachanganyika ni kifusi, na kifusi hakipewi fomu. Wali ulioungua chini ya chungu ni mabaki. Nikamwuliza, na lile tofali lenye unyayo wa mbwa? Akasema tofali ni tofali, ila unyayo ule ni alama. Hakuna aliyeutengeneza, hakuna aliyetaka udumu. Mbwa alipita tu udongo haujakauka.

Nimelipenda sana hilo. Kadi ilikuwa imeandikwa "Tofali" tu. Nimeandika mpya: "Alama ya mbwa aliyepita." Bu Hapsari kacheka, akaiacha.

Halafu tukafika kwa Kyai. Akasoma kadi. Akauliza nani aliamua kuwa ni cha ibada. Nikasema, kijiji.

Uongo nusu. Na nusu ya uongo ni uongo.

Jumatano, 3 Julai

Nimempa Mama habari ya barua. Alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya, hata hakugeuka. "Mnapeleka kikamulio cha dawet mjini kikaombewe dua na wakubwa," akasema. "Vizuri. Labda huko wana akili."

Mama yangu — Mbah Painten kwa kila mtu hapa, bibi wa wote — ndiye aliyemchimbua Kyai. Miaka tisa iliyopita, kwenye shimo la udongo la mume wangu Gimun, hapo tunapofyatulia matofali. Jembe likagonga kitu, akalitupa, akachimba kwa mikono. Akakipangusa kwa kitambaa chake cha begani. Neno lake la kwanza nililisikia kwa masikio yangu: "Kumbe na wao walikuwa wanakamua dawet!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama ameuza dawet sokoni miaka arobaini. Kinywaji chake cha matone ya kijani, tui, sukari ya mnazi, barafu — wilaya nzima inakijua. Pak Sarkowi akasema Mbah Painten hata akiona mwezi mpevu atasema ni bakuli la dawet. Wiki ile ile Pak Sarkowi akaota ndoto: mzee wa kilemba cheupe ananyunyiza maji ya baraka kwa bakuli lenye matundu. Imekwisha! Bakuli likapewa cheo cha heshima cha Kyai kama majambia ya mababu wa watu wakubwa, likawashiwa ubani, nami nikaambiwa niandike kadi. Nikaandika.

Na nilicheka. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilicheka pamoja nao, Mama amesimama pale na matope hadi viwikoni.

Ijumaa, 5 Julai

Nimejikaza nikamwambia Bu Hapsari. Nikamwambia kadi niliiandika mimi kwa kuambiwa, na kwamba aliyekichimbua anasema ni chombo cha jikoni. Kama ni cha jikoni, kinabaki. Si ndivyo barua inavyosema?

Hakunicheka. Akasema ndivyo, ila hawezi kubadili neno kwenye fomu kwa sababu bibi fulani kasema. Anahitaji ushahidi. Vyombo vya matundu viko vingi, vingine vya kufukizia ubani, vingine vya maji ya baraka. Mniletee huyo bibi.

Nikaenda kumleta huyo bibi. Kagoma! "Miaka tisa mmenifanya kichekesho. Leo mnakaribia kunyang'anywa ndipo mimi nina macho? Nenda zako, Warsini. Nina tui jikoni."

Hakuna tui lolote jikoni. Nilichungulia.

Jumapili, 7 Julai

Mwezi wa Suro, wa kwanza katika kalenda yetu, umeingia. Ijumaa tutamwogesha Kyai kama kila mwaka. Pak Sarkowi anataka safari hii iwe kubwa, kijiji kizima, tumuage vizuri. Kumuaga! Ameshakata tamaa mwenzetu. Nimemjibu vibaya, nikaomba radhi, kisha nikamjibu vibaya tena.

Jumatano, 10 Julai

Mvua isiyo ya msimu. Matofali ya Gimun elfu mbili yameloa kabla ya kuingia tanuri. Mama hasemi nami ila kuniuliza chumvi iko wapi.

Ijumaa, 12 Julai

Lazima niandike leo leo.

Tumemwogesha Kyai. Maji ya maua saba, mkeka mpya, kijiji kizima uani. Anayeosha ni mimi mtunzaji. Na desturi, toka siku aliyopewa cheo, ni moja: maji unamwagia kwa nje. Ndani ya Kyai hakuingii mkono wa mtu. Miaka tisa namwosha, sijawahi kuingiza hata kidole. Pak Sarkowi ndiye aliyeweka sharti hilo, eti alioteshwa.

Leo nimeingiza mkono.

Sikupanga. Nilikuwa nammwagia, nikamwona Mama amesimama nyuma kabisa karibu na banda la kuku, amekunja mikono, hanitazami mimi, analitazama bakuli. Anavyotazama mtu chombo chake kikioshwa na mgeni. Nikasikia aibu, aibu ya kweli, imenipanda mpaka masikioni. Nikatia mkono ndani hadi kifundo.

Uwiii! Bu Marfuah alipiga ukelele. Pak Sarkowi akashika nguzo. Mimi sikuwasikia. Kwa ndani ni laini! Laini kama kikamulio cha Mama cha mbao nilichokiosha utoto wangu wote. Kingo za matundu kwa ndani zimelika, zimekuwa duara; kwa nje bado ni kali, zinakwaruza. Kitu kimekuwa kikisukumwa kutoka ndani kwenda nje, siku baada ya siku, miaka na miaka. Nikapapasa chini ya masikio. Nako kumelika — mahali panapokalia ukingo wa sufuria! Na kwenye kona za matundu kuna kitu cheupe kigumu kisichotoka hata kwa ukucha.

Nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Mama! Kimelika kwa ndani!"

Mama akageuka akaenda zake nyumbani. Lakini nilimwona anavyotembea. Mama yangu ana miaka themanini na moja na leo ametembea kama bibi harusi.

Jumamosi, 13 Julai

Kijiji kimenuna. Bu Marfuah kasema kuku wake mmoja amekufa asubuhi, kwa ajili ya mkono wangu. Nikamwambia yule kuku alikuwa anakohoa tangu mfungo wa Ramadhani. Amenifungia dirisha.

Pak Sarkowi amepita barabarani akatazama juu kama mtu anayetafuta ndege.

Bu Hapsari kashinda ukumbini na lenzi ya kukuzia. Amepiga picha kila tundu. Anasema kulika kunaonyesha chombo kilitumika sana, hakuonyeshi kilitumika kwa kazi gani. Ule weupe anadhani ni udongo tu. Nilitaka kulia. Kisha akasema tunaweza kujaribu: tufinyange kingine kama hicho, udongo ule ule, tukitumie, tuone. Lakini lazima awepo anayejua kukamua.

Nikamwambia anayejua hatakuja. Akavaa kofia yake. Basi nitamfuata, akasema.

Ameenda kweli! Kachuchumaa jikoni kwetu kwenye moshi, daktari mzima. Hakuanza na bakuli. Kaanza kwa kusema, Mbah, mimi sijui kukamua dawet, nifundishe. Mama akampa kinu na majani ya pandani ya kutia rangi ya kijani. "Twanga." Akatwanga mpaka kofia ikamwangukia usoni. Mama akasema mkono wa kushoto una uvivu. Akatwanga tena.

Baada ya saa nzima Mama akasema: "Gimun! Udongo uko wapi?"

Jumatatu, 15 Julai

Mume wangu ni mtu wa matofali. Umbo lenye pande sita analiweza akiwa usingizini. Umbo la duara limemtoa jasho. Mama anamsimamia: nyanyua hapo, punguza hapo, hilo sikio au kishikio cha mlango? Mpaka jioni wamepata moja. Mama akataka atoboe matundu papo hapo.

Gimun akasema tusubiri udongo ukauke nusu. Mama akasema ametoboa vikamulio kabla Gimun hajazaliwa.

"Vya mbao, Mbah," akasema Gimun, taratibu.

Wakatoboa.

Alhamisi, 18 Julai

Kimepasuka. Tumekitoa kwenye majivu ya maganda ya mpunga asubuhi, vipande vitatu, kila ufa umepita kwenye tundu. Zimebaki siku sita.

Gimun hakusema neno. Hilo ndilo lililomuuma Mama. Kaokota vipande, kavipanga kwenye kibaraza, kavitazama. Kisha akasema, "Haya. Udongo ukauke nusu." Kwangu mimi hayo ni maneno makubwa, sijawahi kumsikia Mama akimkubalia mkwe kitu.

Na yule Bu Hapsari kaandika neno kwenye daftari lake kuhusu vipande vyetu! Nikamwuliza kaandika nini. Kasema: kipande, na tarehe ya leo. Miaka mia saba ijayo watagombana juu yake.

Jumamosi, 20 Julai

Cha pili kiko motoni. Gimun amekitoboa mwenyewe, udongo ukiwa umekauka nusu, kwa kijiti cha mwanzi, Mama kashika mdomo wake kwa mkono ili asiseme. Mimi nimefagia ukumbi mara nne.

Jumapili, 21 Julai

Nianze wapi!

Kimetoka kizima. Chekundu, kinalia ukikigonga. Ndugu yake Kyai kabisa. Kufika saa tatu uani kumejaa, hata walionuna wamekuja, tena ndio waliokaa mbele. Pak Sarkowi kaletewa kiti. Bu Hapsari na kamera yake. Chini ya kikamulio, sufuria ya maji baridi. Mama kavaa blauzi yake ya Idi.

Akapika uji mzito, akaumimina ndani, akakandamiza kwa kipande cha mbao.

Ukatoka kama minyoo. Mirefu, inanata, inashikana, haidondoki! Inaning'inia tu chini ya bakuli. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Pak Sarkowi, halafu wote. Lile lile cheko la miaka tisa. Maji ya baraka hayanati hivyo, Mbah! akasema Pak Sarkowi. Safari hii sikucheka. Nilitaka nimwage sufuria juu ya kile kiti.

Mama katia kidole kwenye uji, kaonja. Akasimama wima. "Nyamazeni! Nimekosea unga mimi, si bakuli. Huu ni wa muhogo, wa dukani. Marehemu bibi yangu hakutumia muhogo. Leteni unga wa mchele na maji ya chokaa, chokaa ya kutafunia tambuu."

Nikamwona Bu Hapsari ameinua kichwa. Ananinong'oneza: muhogo umekuja na meli za Wazungu, Bu, enzi za hilo bakuli haukuwepo! Mimi mkono wangu uko kwenye moyo. Bu Marfuah — Bu Marfuah mwenyewe! — akakimbia kwake akaleta chokaa kwenye kopo lake la tambuu.

Uji wa pili. Mchele, pandani, maji ya chokaa. Mama akakandamiza.

Tu. Tu. Tu-tu-tu-tu.

Matone! Mafupi, yamenona katikati, yana mkia mdogo, yanadondoka yenyewe na kuzama. Kijani kibichi. Hakuna aliyecheka. Unasikia maji tu. Mama anakamua kwa mkono wa kulia, anazungusha kidogo mwishoni, na bakuli limekalia masikio yake pale pale ninapopajua kwa vidole. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ya Allah, ndiyo yenyewe."

Na bado! Bu Hapsari kaweka kamera chini. Kainama akatazama kikamulio kipya kwa lenzi, akageuka akakimbia — kakimbia! — hadi ukumbini. Nikamfuata na funguo. Kamtazama Kyai, tundu kwa tundu. Kisha kakaa sakafuni, miguu kainyoosha mbele. Akaniuliza shimo la Gimun lina chokaa? Nikamwambia mchanga na udongo mwekundu, hakuna chokaa hapa, ya tambuu inatoka mbali. Akacheka peke yake. Ule weupe kwenye kona za matundu! Alidhani ni udongo wa shimoni. Kipya chetu kwa kukamua mara moja kimeshaanza kuwa na utando ule ule. Atapeleka chembe zikapimwe, ndiyo kazi inavyotaka, lakini kwa fomu inatosha. Inatosha sana, Bu Warsini.

Nilirudi uani nikawatangazia watu wote. Sikumbuki maneno. Nakumbuka Gimun kambeba Mama juujuu kama mwali, Mama akampiga kofi la bega, mwiko bado mkononi, na watu wanashangilia hadi mbwa wakaanza kubweka. Dawet imenywewa mpaka sufuria ikakwanguliwa. Pak Sarkowi kanywa bakuli mbili bila kuzungumza. La tatu aliliomba kwa sauti ya chini, na Mama akamjazia hadi pomoni.

Jumatatu, 22 Julai

Leo nimeandika kadi mpya. Bu Hapsari alimwuliza Mama neno lenyewe liwe lipi, naye akalisema kama alivyolisema siku ile shimoni. Mama hajui kusoma. Nilimsomea herufi kwa herufi, akafuata kwa kidole: "Kikamulio cha dawet. Kilichimbuliwa na kutambuliwa na Mbah Painten." Neno "kutambuliwa" ni la Bu Hapsari. Mama akaniuliza maana yake. Nikamwambia, kwamba ulikijua. Akasema, "Basi hapo pameandikwa kweli."

Nikapiga magoti nikaweka paji la uso kwenye magoti yake, kama siku ya Idi, nikamwomba msamaha wa cheko langu la miaka tisa. Nililia, ndiyo. Akaniwekea mkono kichwani. Akasema hata yeye angecheka, kama angekuwa na mama mwenye matope vile. Kisha akasema niinuke, magoti yake si mto.

Pak Sarkowi alikuja alasiri na ombi moja. Cheo kisifutwe. Walii naye anakula, akasema, naye anaona kiu; kwani kuna ubaya gani ikiwa Kyai alikuwa anawanywesha watu? Mama akafikiri. "Hakuna ubaya. Mimi nimewanywesha miaka arobaini, mbona hamkunipa cheo?" Pak Sarkowi kawa mwekundu kama tofali. Cheo kimebaki.

Jumatano, 24 Julai

Naandika kwenye meza yangu ya mlangoni, kwa haraka, kuna watu.

Gari lilifika saa nne. Jeupe, na sanduku la mbao lenye sifongo ndani, limekatwa kwa kipimo cha Kyai! Mkubwa wa ofisi ni mzee wa miwani, mpole, orodha mkononi. Namba kumi na nne, chombo cha ibada. Bu Hapsari akampa fomu mpya. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Akauliza nani kakitambua. Mtaalamu wa vikamulio, akasema Bu Hapsari. Mtaalamu yupi, wa chuo gani? Bu Hapsari akamwonyesha kwa mkono wazi, kwa adabu, kidole gumba mbele kama tunavyowaonyesha wakubwa: Mama, kwenye kiti cha Pak Sarkowi, blauzi ya Idi.

Yule mzee akamtazama Mama, akatazama kadi. Akamwendea akainamisha kichwa. Akauliza swali moja tu: masikio haya ni ya kunyanyulia? Mama akasema, "Ukinyanyulia hapo utajimwagia uji wa moto, Pak. Ni ya kukalia sufuria." Mzee akatoa kalamu. Akapiga mstari. Namba kumi na nne — inabaki!

Watu wamepiga makofi hadi vigae vimetikisika. Sanduku linarudi mjini na sifongo yake. Nimefunga kabati la kioo kwa mkono wangu na ufunguo uko kifuani mwangu. Amebaki! Amebaki! Amebaki!

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilianza kufagia. Ndipo nikaona watu hawaendi nyumbani. Yaani walienda, lakini wanarudi! Kila mmoja na furushi. Sarongi, mfuko wa mbolea, ndoo iliyofunikwa. Wamejipanga foleni toka mlango huu hadi barabarani, nimehesabu hadi arobaini nikaacha. Vitu vya mashimoni! Vya chini ya vitanda, vya juu ya dari, vya baba zao. Miaka yote wamevificha, wanaogopa kwamba kikijulikana kitachukuliwa. Leo wameona kimoja kimejulikana na kimebaki. Sikujua. Mtunzaji wa vitu vya kale miaka kumi na moja, na kijiji kizima kilikuwa ghala mbele ya macho yangu!

Na hawaji kwangu, wala kwa mzee wa miwani. Wanakwenda kwa Mama.

Wa kwanza ni Bu Marfuah. Kafungua kitambaa: kitu cha shaba, urefu wa kiganja, kimepinda, kina pete upande mmoja. Anasema amekuwa akikazia nacho mlango wa banda la kuku. Mama kakipokea. Anakigeuza. Anakinusa. Bu Hapsari ameketi sakafuni miguuni pake, fomu mpya mapajani, kalamu tayari. Niandike nini, Mbah?

Mama hajui. Naujua uso wake, hajui! Pak Sarkowi anajikohoza, na yule mzee wa ofisi amevua miwani anangoja. Sema chochote, Mama, sema ni cha dawet hata!

"Subiri, mwanangu, usiandike kwanza," anasema Mama. Anakiinua juu ili kila mtu akione. "Hiki si cha jikoni. Hiki kimevaliwa na mnyama. Nani hapa aliwahi kuchunga nyati wa kulimia?"

Watu wanageuka kutazamana. Nyuma kabisa, karibu na barabara, yule mzee Karsidin asiyewahi kusema neno kwenye mkutano wowote, miguu mitupu, furushi lake bado kwapani — ameinua mkono. Watu wanampisha. Anakuja. Mama ananiita: "Warsini, lete kiti cha pili."